Moyo Unakataa, Kanisa Linasema Ndiyo: Maswali Yenu Juu ya Dhamiri na Mamlaka

Barua nyingi mlizotuletea safari hii zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: juu ya mambo ya imani, neno la mwisho ni la Kanisa au la dhamiri ya muumini? Tumechagua sita. Majina tumeyaondoa, mahali tumepaacha. Maneno ya Biblia tumeyachukua katika tafsiri ya Union.

Swali: Tumsifu Yesu Kristo. Mimi najifunza ukatekista. Kwenye semina tuliambiwa kwamba dhamiri ndiyo mwamuzi wa mwisho. Niliporudi parokiani paroko akasema Mkatoliki hana ruhusa ya kujiamulia mambo ya imani. Nimfuate nani? (Songea)

Milele amina. Wote wawili wamesema kweli, ila kila mmoja kaishia katikati.

Tuanze na Mtakatifu Thoma wa Akwino (1225–1274), mtu ambaye hakuna anayeweza kumshuku kwamba alikuwa mlegevu wa imani. Thoma anauliza: mtu ambaye dhamiri yake imekosea, inamlazimu kuifuata? Anajibu kwamba inamlazimu, na mfano anaoutoa unashtua: kumwamini Kristo ni jambo jema na la lazima kwa wokovu, lakini mtu ambaye akili yake inamwonyesha kwamba kumwamini Kristo ni uovu, akimwamini huku anaona hivyo, ametenda dhambi. Kwa nini? Kwa sababu kwa moyo wake amechagua alichokiona kuwa kiovu.

Wengi hufunga kitabu hapo wakaondoka wakishangilia. Swali linalofuata la Thoma ndilo wanaloliruka: je, aliyefuata dhamiri iliyokosea hana hatia? Hapo anatofautisha. Mwanamume aliyemdhania mwanamke mwingine kuwa mke wake amekosea jambo la hakika lililomponyoka, naye anasamehewa. Anayesema dhamiri yake inamruhusu kulala na mke wa mtu hasamehewi, maana sheria ya Mungu juu ya uzinzi alipaswa kuijua, na kutokuijua ni uzembe wake. Kwa hiyo dhamiri inayokosea inakufunga, lakini haikutakasi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki imeyaweka yote mawili jirani kabisa: namba 1790 inasema mtu lazima aitii hukumu ya hakika ya dhamiri yake, na 1791 inasema kosa la dhamiri linaweza kuwa hatia ya mtu mwenyewe, kama hakujali kuutafuta ukweli au amezoea dhambi mpaka macho yakapofuka.

Sasa, mwalimu wa semina na paroko wako hawazungumzii kitu kimoja. Aliyelieleza hili vizuri kuliko wengi ni John Henry Newman, Mwanglikana aliyejiunga na Kanisa Katoliki mwaka 1845. Mwaka 1874 Gladstone, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, aliandika kwamba tangu Papa atangazwe kuwa hakosei, Mkatoliki hawezi tena kuwa raia mwaminifu, kwa kuwa akili yake ameikabidhi Roma. Newman alimjibu mwaka 1875, na mwishoni mwa hoja yake juu ya dhamiri akaandika kwamba kama ni lazima kuinua glasi kwa heshima ya dini baada ya chakula, jambo ambalo kwa maoni yake halikai sawasawa, yeye angeinua kwa Papa, lakini kwanza kwa dhamiri, na Papa baadaye.

Maneno hayo hunukuliwa kila mahali. Yanayoachwa ni ya kurasa za nyuma yake, ambako Newman anasema dhamiri haitoi hukumu juu ya ukweli wa nadharia au fundisho. Inahukumu tendo: nifanye hili sasa au nisilifanye. Ndiyo maana inaweza kugongana na amri ya Papa, kwa mfano akimwagiza mtu afanye jambo fulani, lakini si kazi yake kupiga kura kama Mungu ni Utatu. Na hata katika kugongana na amri, Newman anaweka mzigo mzito juu ya anayekataa: awe amefikiri kwa dhati, amesali, na ametumia kila njia aliyo nayo kupata hukumu sahihi.

Kwa kifupi chetu sisi, dhamiri ni hakimu, si bunge. Hakimu anatoa hukumu ambayo lazima itekelezwe, lakini anahukumu kwa sheria ambayo hakuitunga yeye. Mwalimu wako alisema juu ya hukumu, paroko juu ya sheria. Ukifika darasani wafundishe wanafunzi hali tatu za dhamiri: yenye hakika, yenye shaka, na iliyopotoka. Yenye hakika hufuatwa. Yenye shaka haitendi mpaka shaka iondolewe. Kuuliza kwanza, kutenda baadaye. Iliyopotoka haijijui kwamba imepotoka, ndiyo maana inahitaji sauti ya nje.

Swali: Bwana Yesu asifiwe. Nimesoma Biblia mwenyewe nikasadiki kwamba ubatizo wa watoto wachanga si wa Kibiblia. Nikabatizwa kwa maji mengi kwenye kanisa jirani. Sasa wazee wa usharika wamenitenga na Meza ya Bwana. Mbona Martin Luther alifuata dhamiri yake na tunamsifu kila mwaka tarehe 31 Oktoba? (Kijana, Moshi)

Amina. Swali lako zuri, ila Luther unayemtaja hapa amepunguzwa nusu.

Mjini Worms, Ujerumani, tarehe 17 Aprili 1521, Luther aliulizwa mambo mawili mbele ya Kaisari Karoli wa Tano: vitabu hivi ni vyako? Unavikana? La kwanza alilikubali. La pili aliomba muda, akapewa siku moja. Kesho yake akajibu kwamba asiposadikishwa kwa ushuhuda wa Maandiko au kwa hoja iliyo wazi, hawezi kutengua kitu, kwa sababu hawaamini Papa na mitaguso (mikutano mikuu ya maaskofu) peke yao, ambao wamekosea na kujipinga mara nyingi. Amefungwa na Maandiko aliyoyanukuu, na dhamiri yake imetekwa na Neno la Mungu.

Angalia kitenzi hicho. Dhamiri yake *imetekwa*. Hakusema iko huru. Luther hakudai haki ya kila mtu kuamini apendavyo. Alidai kwamba kuna mwenye mamlaka juu ya Papa, naye ni Neno, na kwamba yeye ni mateka wake. Aliyemhoji, afisa wa Trier aitwaye Johann von der Ecken, alimwambia aiweke dhamiri yake kando, kwa kuwa imekosea. Kila mmoja pale ukumbini alikuwa na hoja ya mamlaka.

Na miaka minane tu baadaye ikaonekana ugumu wenyewe. Oktoba 1529, Luther na Zwingli, mwanamatengenezo wa Zürich, Uswisi, walikutana Marburg. Wote wawili walikuwa wamemkataa Papa, wote walishika Maandiko, wote walikuwa na dhamiri safi. Luther aliandika kwa chaki juu ya meza maneno ya Kilatini *Hoc est corpus meum*, yaani "huu ndio mwili wangu", na hakutaka kuondoka hapo. Walikubaliana hoja 14 kati ya 15. Ya kumi na tano, juu ya Chakula cha Bwana, ikawashinda kwa sehemu. Kwa hiyo kusema "nafuata Biblia na dhamiri" ni mwanzo wa mazungumzo; hakukuwapatanisha hao wawili na hakutakupatanisha wewe na wazee wako.

Ndiyo sababu Walutheri waliandika maungamo. Ungamo la Augsburg lilisomwa mbele ya Kaisari tarehe 25 Juni 1530, na kifungu chake cha 9 kinahusu jambo lako hasa: watoto wabatizwe, na wanaokataa ubatizo wa watoto wanapingwa kwa jina, Waanabaptisti. KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) inalikiri ungamo hilo. Hukuvunja desturi ya mzee mmoja. Umegusa kifungu ambacho ulikiri imani yake siku ya kipaimara. (Na Waprotestanti wasijivune sana juu ya dhamiri: ndani ya Zürich ya Zwingli, tarehe 5 Januari 1527, Felix Manz alizamishwa katika mto Limmat hadi kufa kwa kosa la kubatiza watu upya.)

Je, wazee wamekosea? Kwa kukutenga bila kukusikiliza, kama ndivyo ilivyokuwa, ndiyo. Kwa kusema kwamba ulichofanya hakipatani na imani ya kanisa hili, hapana. Dhamiri yako inakupa haki ya kutolazimishwa, na inakupa haki ya kuondoka. Haikupi haki ya kulifanya kanisa lenye ungamo liseme ambacho halisemi.

Kosa lako la utaratibu ni kwamba ulianza kuzama majini ndipo ukauliza. Bado njia ipo. Mwombe mchungaji kikao, si korido baada ya ibada. Njoo na kifungu cha 9 na mafungu yako ya Biblia yameandikwa. Uliza wazi: nikibaki na msimamo huu, naweza kuwa mshiriki? Naweza kufundisha Shule ya Jumapili? Majibu ya maswali hayo mawili mara nyingi hayafanani, na watu hugombana mwaka mzima kwa kuyachanganya. Usiporidhika, nenda baraza la wazee kwa maandishi, kisha mkuu wa jimbo, kisha ngazi ya dayosisi. Katiba ya dayosisi ndiyo inayosema ngazi zenyewe na muda, kwa hiyo omba kuiona kabla ya kuandika. Ukitaka kurudi kundini, sema hivyo waziwazi. Ukiona huwezi, omba barua ya uhamisho uende kwa amani. Kubaki mguu mmoja huku mwingine kule, ukiwafundisha vijana wenzako kwa siri kwenye kundi la WhatsApp, ndiko kunakoharibu.

Swali: Kuna fundisho moja la Kanisa Katoliki ambalo nimeshindwa kulikubali kwa miaka mitatu. Sijamwambia mtu. Je, nimeshajitenga na Kanisa? Nifanye nini? (Mama wa jumuiya, Bukoba)

Mama, kwanza pumua. Kanuni 751 ya Sheria za Kanisa inaeleza uzushi kuwa ni kukana *kwa ukaidi*, au kutia shaka *kwa ukaidi*, baada ya ubatizo, ukweli unaopaswa kuaminiwa kwa imani ya Kimungu na Kikatoliki. Kushindwa kuelewa si ukaidi. Kuhangaika si ukaidi. Na kosa la kisheria halipo mpaka jambo limedhihirishwa nje. Lililoko moyoni halimtengi mtu kisheria.

Hukututajia fundisho lenyewe, na pengine ni vizuri, kwa sababu hatua ya kwanza ni moja kwa yote: jua uzito wake. Watu wanaumia bure kwa kudhani kila alichosema padri mimbarini kina uzito wa Kanuni ya Imani, na wengine wanajilegeza kwa kudhani kila kitu ambacho si dogma ni maoni. Ngazi ziko hivi.

Juu kabisa ni yaliyofunuliwa na Mungu na kutangazwa hivyo na Kanisa (kanuni 750, aya ya kwanza): Utatu, umungu wa Kristo, Kukingiwa Dhambi ya Asili kwa Maria (1854), Kupalizwa kwake mbinguni (1950). Hapa ndipo neno uzushi linapotumika. Chini yake ni yanayofundishwa kwa namna ya mwisho kwa sababu yanashikamana na ufunuo. Hayo yamo katika aya ya pili ya kanuni hiyo, iliyoongezwa mwaka 1998. Ya tatu ni mafundisho halisi ya Papa na maaskofu ambayo hayakutangazwa kuwa ya mwisho. Kanuni 752 haidai hapo tendo la imani, inadai utii wa kidini wa akili na utashi, yaani kuanza kwa kuyakubali na kuyaendea kwa nia njema. Nje ya ngazi hizo kuna taratibu, kama useja wa mapadri wa Kilatini au siku za kufunga, ambazo hutiiwa lakini zinaweza kubadilishwa. Na kanuni 749, aya ya tatu, ni ngao yako: fundisho lolote lisihesabiwe kuwa limetangazwa bila uwezekano wa kukosea, isipokuwa jambo hilo liko wazi.

Sasa kazi yenyewe. Chukua karatasi. Andika fundisho hilo kwa sentensi moja *kama Kanisa linavyolisema*, ukitafuta namba yake katika Katekisimu, si kama lilivyosemwa jumuiyani. Mara nyingi sana mambo yanaishia hapo: kilichokataliwa na moyo kilikuwa tafsiri ya mtu. Kama bado, andika chini yake pingamizi lako, nalo liwe moja. Kisha jiulize ni la aina gani. Silielewi? Hilo ni la kusoma. Linaniumiza katika maisha yangu? Hilo ni la kichungaji, na fundisho linaweza kuwa kweli huku wewe ukihitaji msaada wa kulibeba. Naliona si kweli? Hilo ndilo la dhamiri hasa.

Ndipo umwone paroko, na usimwone katika kitubio. Sababu ni ya kawaida kabisa: uliyoyasema kitubioni hawezi kuyagusa nje, hivyo hawezi kukufuatilia, kukutafutia kitabu wala kumuuliza mwenzake mwenye ujuzi kwa jina lako. Muulize maswali mawili: limefundishwa wapi, na kwa ngazi ipi? Akisema hajui, usimdharau. Mwombe akuunganishe na mwalimu wa seminari. Ukihitaji kwenda juu zaidi, kanuni 212 inawapa waamini uhuru wa kuwaeleza wachungaji mahitaji yao, na haki, wakati mwingine hata wajibu, wa kutoa maoni yao kwa kadiri ya elimu na nafasi yao, kwa heshima. Barua kwa askofu iwe ukurasa mmoja, ina tarehe na sahihi, swali ni moja, nakala unabaki nayo. Barua za kurasa tisa zenye malalamiko ya kwaya, mchango wa nyumba ya mapadri na fundisho la imani hazijibiwi, na tunaelewa kwa nini.

Wakati unasubiri: endelea kusali na jumuiya. Ukiwa mwalimu wa dini, fundisha linalofundishwa na Kanisa, si shaka yako. Na kama dhamiri yako ina hakika kwamba tendo fulani ni dhambi kwako, usilitende kwa sababu tu umesukumwa.

Historia ina mifano ya pande zote. Tarehe 18 Julai 1870, Mtaguso wa Vatikano wa Kwanza ulipopitisha kwamba Papa hakosei anapotangaza rasmi kwa Kanisa zima fundisho la imani au maadili, kura zilikuwa 533 za ndiyo na 2 za hapana, baada ya makumi ya maaskofu wapinzani kuondoka Roma. Hao wawili walikubali pale pale. Ignaz von Döllinger, padri na mwanahistoria wa München, alisema kama Mkristo, mwanateolojia na mwanahistoria hawezi kukubali, akatengwa mwaka 1871. Hatuna haja ya kusema mmoja wao hakuwa na dhamiri.

Swali: 2 Petro 1:20 inasema unabii haufasiriwi "kama apendavyo mtu fulani tu". Je, hiyo haimalizi mjadala? (Msomaji, Goma)

Haimalizi. Aya ya 21 inaeleza sababu: unabii haukuletwa kwa mapenzi ya mwanadamu. Wakatoliki na Waorthodoksi wanaisoma pamoja na 1 Timotheo 3:15, kanisa kuwa "nguzo na msingi wa kweli"; Waprotestanti wanasema inahusu chanzo cha unabii, kisha wanakuonyesha Waberoya wa Matendo 17:11, waliokuwa wakiyachunguza maandiko kila siku waone kama mambo ya Paulo ndivyo yalivyo. Ukisoma aya moja peke yake kuthibitisha kwamba aya zisisomwe na mtu peke yake, utakuwa umejichekesha mwenyewe.

Tukiwa hapo: Matendo 15 ndipo pa kukaa zaidi. Swali la tohara halikuamuliwa kwa ndoto ya mtu wala kwa amri ya Petro peke yake. Hoja zilikuwa nyingi (aya ya 7), Petro akasema, Barnaba na Paulo wakashuhudia, Yakobo akaleta Maandiko, ndipo wakaandika "ilimpendeza Roho Mtakatifu na sisi". Lakini Paulo yuleyule ndiye anayesimulia katika Wagalatia 2:11 kwamba alishindana na Kefa, yaani Petro, uso kwa uso huko Antiokia. Mitume hawakuona haya kuwa na vyote viwili.

Swali: Wazee wetu husimulia kwamba askofu wa Zanzibar aliwashtaki maaskofu wenzake kwa uzushi kwa sababu ya mkutano wa Kenya. Ni kweli? Na nani alishinda? (Muheza)

Kweli kabisa, na ni kisa chetu wenyewe kinachoonyesha kwamba ugomvi huu si wa muumini dhidi ya askofu tu.

Juni 1913, wamisionari wa madhehebu mbalimbali walikutana kwenye kituo cha misheni ya Kanisa la Scotland huko Kikuyu, wakiongozwa na Willis, askofu wa Kianglikana wa Uganda. Walikuwa wanatafuta shirikisho: Maandiko, Kanuni za Imani za Mitume na Nikea, na sakramenti mbili ziwe msingi, Waafrika wasirithi mafarakano ya Ulaya. Mwishoni Peel, askofu wa Mombasa, aliongoza Ushirika Mtakatifu kwa kitabu cha sala cha Kianglikana ndani ya kanisa la hao Wapresbiteri wa Scotland, Mpresbiteri akahubiri, na wasio Waanglikana wakashiriki.

Habari zikamfikia Frank Weston, askofu wa Zanzibar, mwenye kanisa kuu la Mkunazini mahali palipokuwa soko la watumwa. Kwa Weston, bila uaskofu wa mfululizo wa mitume hakuna Kanisa, na kilichofanyika Kikuyu kilikuwa kukana imani. Akamwandikia Davidson, Askofu Mkuu wa Canterbury, akitaka Willis na Peel wahukumiwe kwa kueneza uzushi na kuleta mafarakano.

Angalia shida ya Davidson. Waanglikana hawana Papa. Kifungu cha 20 kati ya Vifungu 39 vya imani yao kinasema Kanisa lina mamlaka katika mabishano ya imani, ila lisiamuru kitu kinyume cha Neno la Mungu. Cha 21 kinasema hata mitaguso mikuu inaweza kukosea. Hukumu ingetolewa na nani, kwa kipimo gani? Davidson alikataa kufungua kesi, akapeleka maswali kwenye kamati ya ushauri, na mwaka 1915 akatoa maoni yake: wahubiri wa nje wanaweza kualikwa, Wakristo wa madhehebu mengine wanaweza kukaribishwa Mezani katika mazingira ya pekee, lakini ibada kama ile ya Kikuyu ni afadhali isirudiwe. Uingereza ukaenea mzaha kwamba imeamuliwa kuwa ibada ya Kikuyu ilimpendeza Mungu sana na isifanyike tena kamwe.

Nani alishinda? Hakuna, na kwa maoni yetu hiyo ndiyo gharama ya kanisa lisilo na mwamuzi mmoja. Faida yake ni kwamba hakuna aliyefukuzwa. Weston hakunyamaza: mwaka 1915 alitangaza kuvunja ushirika na askofu wa Hereford, Uingereza, aliyempa cheo mwanateolojia ambaye Weston alimwona amekana imani. Lakini mwaka 1918 alikwenda mwenyewe Kikuyu, mkutano wa pili, akiwa na pendekezo lake la umoja mkononi. Hilo wazee husahau kulisimulia. Mtu wa dhamiri aliyejua kwamba akishakataa, ana deni la kuleta njia nyingine.

Swali: Mtumishi wetu anasema amepewa ufunuo mpya, na anayehoji anamgusa mpakwa mafuta wa Bwana. Dhamiri yangu haitulii, lakini naogopa laana. (Kisauni, Mombasa)

Ndugu, hapa hatutazunguka. "Msiwaguse masihi wangu" ni Zaburi 105:15, na aya zilizotangulia zinasema ni nani: Ibrahimu, Isaka na Yakobo wakiwa wageni wachache kati ya mataifa, Mungu akiwakemea *wafalme* wasiwadhuru. Ni ulinzi wa wanyonge dhidi ya wenye nguvu. Ukiona aya hiyo inatumiwa na mwenye nguvu dhidi ya wanyonge, imegeuzwa miguu juu.

Na Daudi, ambaye hutajwa kwa kukataa kumgusa Sauli? Soma 1 Samweli 24 yote. Alikata pindo la vazi la Sauli kwa siri, akalionyesha, akamwita kwa sauti mbele ya watu wake, akamwambia wazi kwamba anamwinda bila kosa, na kwamba Bwana atawahukumu. Hakumgusa kwa upanga. Kwa maneno alimgusa vizuri sana.

Agano Jipya linaweka kazi ya kupima mikononi mwa kusanyiko: manabii wawili au watatu wanene, "na wengine wapambanue" (1 Wakorintho 14:29), "jaribuni mambo yote" (1 Wathesalonike 5:21). Paulo anajiweka mwenyewe chini ya kipimo: hata sisi au malaika wa mbinguni akihubiri injili nyingine, na alaaniwe (Wagalatia 1:8). Laana inayotajwa hapo inamwangukia mhubiri, si muulizaji.

Makanisa yote tuliyoyataja juu, pamoja na tofauti zao, yana kitu ambacho huenda lako halina: mtu au kikao kinachoweza kumwambia kiongozi "umekosea" na asiweze kukifukuza. Hata mamlaka ya kufundisha ya Papa na maaskofu, kwa maneno ya Mtaguso wa Vatikano wa Pili, hayako juu ya Neno la Mungu bali yanalitumikia. Kwa hiyo uliza mambo matatu, tena ya kawaida. Ufunuo huu umeandikwa mahali ambapo naweza kuusoma na kuulinganisha na Biblia, au unabadilika kila Jumapili? Nani anaweza kumwondoa mtumishi, na katiba ya kanisa iliyo kwa Msajili wa Vyama inasemaje? Waliowahi kuondoka walifanywaje: waliagwa, au walitangazwa kuwa wachawi?

Halafu tazama ufunuo wenyewe unakutaka ufanye nini. Ukikutaka uuze shamba, uache dawa za presha au za UKIMWI, utoe watoto shule, ukate ndugu zako au ufunge bila kikomo, usingoje kikao. Mahali hapo si mbali na kwenu: katika msitu wa Shakahola, kaunti yenu jirani ya Kilifi, mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400, wengi wao watu walioambiwa wafunge hadi wamwone Yesu. Hakuna dhamiri inayodaiwa kunyamaza hadi hapo.

Kama si hatari ya namna hiyo, nenda na mashahidi wawili, kama Mathayo 18:16 inavyoelekeza, omba kuiona katiba na hesabu, andika tarehe uliyoomba. Ukijibiwa kwa kuwekewa mikono utolewe pepo wa uasi, umepata jibu la swali la pili. Andika barua fupi ya kujitoa, bila matusi na bila kueleza sana, baki na nakala, na kabla ya kuipeleka mwambie ndugu mmoja wa damu umeipeleka wapi na saa ngapi.